Namna ya kuokoa disiki na kasete za wazee wetu, Lubumbashi

Kazi hii haianzi na maji wala kompyuta. Inaanza na kuchagua kipi kitangulie, kwa sababu sanduku ni kubwa, umeme ni wa kubahatisha, na wazee wanaojua yaliyomo hawatatungoja.

Nyumba nyingi za Kamalondo, Kenya na Katuba, mitaa yetu ya hapa Lubumbashi, bado zina sanduku hilo. Juu ziko kasete zilizoandikwa kwa kalamu ya bic, katikati disiki za 45 (zinazozunguka mara 45 kwa dakika) ndani ya mifuko ya karatasi iliyochanika, na chini kabisa mbili tatu za 78, nzito, za mababu. Mimi ni fundi wa redio, kazi nimeirithi kwa baba yangu, na watu wakiniletea sanduku kama hilo karibu wote huanza kuninyoshea Franco na Rochereau, wale wakubwa wa rumba ya Kinshasa: "Mama fundi, anza na hii." Nawaelewa. Hata mimi gitaa la Docteur Nico likianza kulia siwezi kuendelea kulehemu, naweka chuma chini. Lakini nyimbo hizo kubwa za Kinshasa hazimo hatarini. Zimechapwa upya Ulaya mara nyingi, na Desemba 2021 rumba ya Kongo zote mbili iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa binadamu. "Indépendance Cha Cha", ambayo Grand Kallé na African Jazz waliirekodi Brussels 1960, haitapotea eti kwa kuwa nakala ya mjomba wako imekwaruzika.

Kinachopotea ni cha kwetu. Kwa hiyo ninapanga hivi. Zitangulie kasete zilizorekodiwa nyumbani: harusi, matanga, kwaya ya parokia, karindula, ngoma ya banjo letu la kienyeji, iliyopigwa uwanjani, sauti ya ndugu aliyeko Ubelgiji akiwasalimia watu wa nyumbani mmoja mmoja. Kasete hizo nakala yake ni moja duniani. Zifuate disiki za Katanga zilizoimbwa kwa Kiswahili, Kiluba, Kibemba au Kisanga. Halafu zile zilizotufikia kutoka Nairobi, maana vijana wetu wengi walikwenda kurekodi huko: wapiga gitaa Mwenda Jean-Bosco na Edouard Masengo walikuwa huko tangu mwisho wa miaka ya 50, na Baba Gaston akafuata baadaye na bendi yake ya Baba National. Wanamuziki waliomwacha 1976 ndio walioanzisha Les Mangelepa. Za Kinshasa ziwe za mwisho.

Fikiria wimbo "Masanga". Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi Mwenda mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo. Gitaa moja, vidole viwili, kidole gumba na cha shahada, na bado unahesabu sauti tatu zinazokwenda kila moja njia yake. Wimbo ule umepona kwa sababu mtu alipita na mashine siku hiyo, na leo rekodi za Tracey zinatunzwa Afrika Kusini kwenye maktaba ya muziki aliyoianzisha 1954. Wapiga gitaa wangapi wa kambi za Union Minière, kampuni ya migodi, hawakupitiwa na mashine yoyote? Wao waliobaki, wamebaki kwenye kasete ya mtu, ndani ya sanduku, chini ya kitanda.

Jambo la pili kabla ya kuanza: mwenye sanduku awepo. Kama ni nkambo, yaani babu au bibi, mletee kiti kizuri karibu na mashine. Kama mwenyewe ameshatutoka, muite mjane wake, mdogo wake, au jirani waliyekuwa wakienda naye kucheza. Nitaeleza mbele kwa nini, ila panga siku kufuata nafasi yake yeye, si yako.

Kusoma lebo

Kabla ya kuosha, piga picha ya lebo pande zote mbili, mchana, karibu na dirisha, bila mwanga wa simu unaorudi usoni. Nambari iliyochapwa kwenye lebo, na ile iliyochorwa kwenye sehemu laini karibu na katikati, ziandike zote mbili. Ndizo zitakazomsaidia mtu wa kesho kujua disiki ni ipi hata kama jina limefutika.

Lebo pia inakupa miaka. Ikiandikwa Léopoldville au Elisabethville, kwa kawaida ni ya kabla ya 1966, mwaka miji hiyo ilipogeuzwa kuwa Kinshasa na Lubumbashi. Ikiandikwa Zaïre, ni kati ya 1971 na 1997. Mwaka 1972 majina ya ubatizo yalipigwa marufuku, kwa hiyo majina ya Kikristo yaliyochapwa wazi kwenye mabano ya watunzi huelekea kabla ya hapo. Ukiona MAZADIS, hicho ni kiwanda cha disiki cha Kinshasa enzi za Zaire. Ngoma, ile kampuni ya Nicolas Jéronimidis iliyoanza Léopoldville 1948, ni ya zamani zaidi, na za mwanzo ni za 78. Vévé ni ya mwanamuziki Verckys. Editions Populaires ni ya Franco. Gallotone ni ya Johannesburg, na ndiyo iliyotoa disiki nyingi za 78 za Mwenda: ukiikuta hiyo chini ya sanduku, inyanyue kwa mikono miwili.

Kuosha

Vumbi letu unalijua. Ni jekundu, laini kuliko unga wa bukari (ugali), na kuanzia Mei hadi Septemba linaingia hata kwenye saa ya mkononi. Likilala ndani ya mfereji wa disiki, sindano inalisukuma na kulisaga, na kila mara unapopiga unakula kidogo cha wimbo. Usipige disiki ambayo haijaoshwa, hata kwa kuonja tu.

Maji ya bomba na ya kisima hapa mjini yanaacha ukoko mweupe ndani ya birika, na ukoko huo huo utabaki ndani ya mfereji. Nunua maji ya betri kwenye kituo cha mafuta, lakini soma chupa vizuri: yaandikwe eau déminéralisée au eau distillée. Chupa ya asidi ya betri hukaa kwenye rafu hiyo hiyo na inafanana nayo. Kwa lita moja weka tone mbili za sabuni ya vyombo, basi. Povu likionekana umezidisha.

Lebo isiguswe na maji. Mimi natumia mifuniko miwili ya kopo la maziwa ya unga, kila mmoja nimeuzungushia ukanda wa mpira wa tairi la ndani la baiskeli. Mfuniko mmoja juu, mmoja chini, unabana kwa mkono wa kushoto, na lebo inabaki kavu. Mkono wa kulia unashika brashi laini, au kitambaa cha kufutia miwani, na unafuata mfereji kwa kuzunguka. Usikate mfereji kwa kwenda katikati na kurudi nje. Maji ya kwanza yatatoka rangi ya tofali. Yamwage, weka mapya, rudia mpaka yatoke safi, kisha suuza kwa maji ya betri yasiyo na sabuni. Simamisha disiki kwenye kile kitu cha kukaushia sahani, kivulini. Juani itapinda kabla hujamaliza kunywa chai.

Disiki ya 78 ina sheria yake. Utaitambua: upana wake ni kama sentimita 25, nzito, haipindi, na ikianguka inavunjika vipande. Haikutengenezwa kwa plastiki bali kwa utomvu wa wadudu, ule unaoyeyuka kwa pombe. Kwa hiyo usiipake spiriti, wala pombe ya duka la dawa, wala dawa yoyote ya kusafishia usiyoijua. Ni maji na sabuni tu, haraka, na ukaushe mara moja kwa kitambaa. Disiki ya plastiki inaweza kuvumilia spiriti kidogo pakiwa na gundi iliyokauka, lakini kwa kawaida huhitaji.

Iliyopinda iweke kati ya vioo viwili safi vya dirisha, juu yake kitabu kizito, iache kwenye chumba chenye joto la kawaida kwa siku kadhaa. Inachukua muda. Anayekushauri kuitia kwenye tanuri, mwambie ajaribu na ya kwake.

Gramafoni

Sindano ndiyo inayoamua. Nyingi zinazopatikana kwenye gramafoni za zamani ni za safaya, na safaya huchoka baada ya saa makumi chache tu za kupiga, wakati almasi hudumu mamia ya saa. Itazame kwa lenzi: ncha iwe duara laini. Ukiona imekatika bapa upande mmoja, itoe leo. Sindano iliyochoka hukata mfereji, na hiyo haitengenezeki na fundi yeyote.

Nyumba nyingi nimekuta sarafu ya makuta imebandikwa juu ya mkono wa gramafoni ili sindano isiruke. Najua wazee wetu walifanya hivyo ili sherehe isikatike. Iondoe. Kichwa cha kisasa, kile kinachoshika sindano, hutaka gramu 2 hadi 3 za uzito, hivi vya zamani zaidi kidogo, na sindano ikiruka sababu ni uchafu, ni mkono uliokauka grisi, au gramafoni haijakaa sawa mezani. Weka pima maji juu ya sahani ya kuzungushia, kisha kunja karatasi uweke chini ya mguu ulio mfupi.

Mwendo nao uupime. Bandika kipande cha karatasi kwenye ukingo wa sahani na uhesabu: kwenye 45 kipite mara 45 kwa dakika, kwenye 33 kipite mara 100 kwa dakika 3. Ukikuta inachelewa, mara nyingi ni ukanda wa mpira uliolegea. Na hapa kuna jambo la mji wetu. Gramafoni nyingi za zamani zina mota inayofuata mapigo ya umeme, 50 kwa sekunde. Zikiwashwa kwa jenereta ndogo ya nyumbani, mapigo yanapanda na kushuka kila friji ya jirani inapowaka, na gitaa linapanda na kushuka nalo. Sikio la haraka halitasikia, lakini ukija kupiga gitaa lako pamoja na wimbo huo utashangaa nyuzi hazipatani. Ngoja umeme wa kweli, ambao kwetu hutulia usiku sana, au tumia betri na kigeuzi kizuri. Kasete haina shida hiyo kama unaipiga kwa mashine ya betri.

Disiki nyingi za 45 zina tundu kubwa, karibu milimita 38. Kile kipande cha katikati kikipotea, chonga kingine kwa mbao au plastiki ngumu, na tundu lake liwe katikati kabisa. Likienda pembeni kidogo, sauti ya mwimbaji itayumba kila mzunguko.

Kwa disiki ya 78 unahitaji sindano yake. Mfereji wake ni mpana, na sindano yake ni nene karibu mara tatu kuliko ya disiki ndogo. Sindano ya 45 inakwenda chini kabisa ya mfereji, inasoma takataka na kuharibika. Ukiwa na sindano sahihi lakini gramafoni yako haina mwendo wa 78, usikate tamaa: piga kwenye 45, rekodi, kisha ongeza mwendo kwenye kompyuta. Programu ya Audacity ina sehemu ya kubadilisha mwendo ambapo unachagua kutoka 45 kwenda 78, na sauti inarudi mahali pake.

Kasete

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu, na nakuomba nawe usiharakishe.

Kasete ambayo haijapigwa miaka mingi usiiingize kwenye mashine moja kwa moja. Itazame kwenye kidirisha. Ukiona ukungu mweupe pembeni ya utepe, iweke peke yake ndani ya mfuko, mbali na nyingine, mpaka upate mtu anayejua kuisafisha. Isiyo na ukungu, ingiza bic kwenye jino la gurudumu na uzungushe kwa mkono taratibu. Ikikaza, usilazimishe: igonge kwa upole juu ya kiganja, pande zote mbili, zungusha tena. Ikilegea, ipeleke mbele yote na uirudishe nyuma mara moja. Utepe uliokaa umelala upande mmoja kwa miaka mingi hujipanga upya, na mkato wa sauti unapungua.

Katikati ya mdomo wa kasete kuna kipande kidogo cha kitambaa cha sufu juu ya bati jembamba linalorudi ukilisukuma. Ndicho kinachobana utepe kwenye kichwa cha mashine. Kwenye kasete za zamani gundi yake hukauka, kinadondoka, na watu wanasema "sauti imekwisha". Sauti ipo. Toa kipande hicho kwenye kasete isiyo na thamani, kibandike kwa tone la gundi, ngoja ikauke vizuri, na utamsikia bibi harusi akicheka.

Ganda likivunjika, au magurudumu yakigoma kabisa, hamisha utepe kwenye ganda lingine. Kasete zenye skrubu tano ndogo zinafunguka kwa urahisi. Zilizofungwa kwa gundi inabidi ufuate mshono kwa wembe, pole pole, kuanzia upande wa nyuma, mbali na utepe. Weka karatasi nyeupe mezani, fungua kasete ya pili kando yake, na uhamishe magurudumu yote mawili pamoja bila kuyageuza. Usivae sweta ya sufu, usiguse utepe kwa vidole vyenye mafuta.

Mashine nayo isafishwe. Pamba kwenye kijiti, pombe ya duka la dawa, futa kichwa mpaka pamba iache kutoka na rangi ya kahawia. Hapo pombe ni halali. Kisha tafuta skrubu ndogo iliyo pembeni ya kichwa, mara nyingi ina chemchemi chini yake. Inainamisha kichwa kidogo upande huu au ule. Kila mashine ilirekodi kwa mwinamo wake, na mashine ya jirani aliyerekodi harusi 1984 haikuwa sawa na yako. Weka alama ya rangi mahali skrubu ilipo, piga kasete, na ugeuze robo ya robo huku ukisikiliza herufi za "s" na "sh" na matoazi ya kwaya. Kuna mahali ambapo pazia linaondoka na maneno yanakuja mbele. Acha hapo, rekodi, kisha rudisha skrubu kwenye alama. Ukichukua kitu kimoja tu kwenye maelezo haya yote, chukua hicho: nimewaona watu wakitupa kasete wakidhani zimeoza, na shida ilikuwa mwinamo wa kichwa.

Mwisho, vunja vile vijino viwili vya plastiki nyuma ya kasete ili mtoto asirekodi juu yake. Zile ndefu za dakika 120 utepe wake ni mwembamba sana. Usizikimbize mbele na nyuma kwa kasi, zipige tu.

Kuingiza kwenye kompyuta

Hii ni rahisi kuliko watu wanavyoiogopa. Audacity ni ya bure na inakwenda hata kwenye kompyuta ya zamani. Kiungo cha maikrofoni cha laptopu ni cha sauti ya upande mmoja na kinapasua, kwa hiyo nunua kadi ndogo ya sauti ya USB yenye mlango wa line. Gramafoni yenye kichwa cha sumaku inahitaji kupita kwanza kwenye amplifaya yenye mlango ulioandikwa phono, la sivyo sauti itakuwa nyembamba isiyo na besi.

Rekodi kwa hezi 48,000 na biti 24, hifadhi kama WAV, faili isiyobanwa. Kilele cha sauti kisizidi desibeli 6 chini ya sifuri. Wimbo wa dakika 3 utachukua karibu megabaiti 52, na upande mmoja wa kasete ya dakika 60 kama 520. Ni mzigo, ndiyo, lakini hiyo ndiyo nakala mama. Usiisafishe makelele, usiikate mwanzo wake, usiiongezee besi. Mikwaruzo ibaki. Programu za kufuta makelele zinafuta pia kugongwa kwa chupa, kiti kinachosogea, mtu anayeitikia kwa mbali, na kwenye muziki wetu wa gitaa kavu, lisilo la umeme, hivyo ni sehemu ya wimbo. Ukitaka ya kusikilizia kwenye gari, tengeneza nakala ya pili na uifanyie unalotaka.

Jina la faili liwe na mpiga muziki, jina la wimbo kama lilivyochapwa hata kama lina kosa, nambari ya lebo, na jina la mwenye sanduku kama ameruhusu. Faili inayoitwa "Track 01" ni sawa na kasete isiyoandikwa.

Mwenye sanduku anaposikiliza

Sasa nirudi kwenye kile kiti.

Simu moja iwe mezani inarekodi mazungumzo, imewekwa juu ya kitambaa kilichokunjwa ili isichukue mtikisiko wa meza, mtandao umezimwa ili isilie katikati. Mwambie mzee wazi kwamba unarekodi na ni kwa ajili ya nani. Akikataa, zima, na uandike kwa kalamu yale atakayokuruhusu.

Usimuulize "ilikuwa mwaka gani". Miaka inamchosha na atakupa wowote ili mmalize. Muulize alikuwa anaishi avenue gani, alikuwa ameoa au bado, nani aliinunua disiki na kwa mshahara wa kazi gani, waliisikiliza nyumbani kwa nani. Kutoka hapo mwaka utaupata mwenyewe. Aliyekuwa bado anaishi kambi na kupokea posho ya unga anakupa zama tofauti na aliyekuwa ameshajenga Katuba.

Kisha piga wimbo mzima bila kusema neno. Mara ya kwanza ni yake, usimkatize. Mara ya pili mwambie ainue mkono akisikia kitu. Mzee mmoja aliyefanya kazi reli aliinua mkono kwenye mstari ambao mimi niliusikia mara nyingi nikidhani ni mlio tu wa kujaza nafasi. "Simamisha, mwanangu. Hapa anaita nyumba ya kunywea iliyokuwa upande wa soko la Kenya. Anamuaga mwanamke wa pale, bwana wake asijue." Alieleza mwanamke yule alikuwa kabila gani, kwa nini mwimbaji aligeuza kwa ghafla kwenda Kibemba, na kwamba mstari ule ukifika watu wote walioko uwanjani walikuwa wanaitikia. Hakuna mashine itakayokupa hayo. Rekodi yangu ya wimbo ule ina dakika 3, na maelezo yake yana zaidi ya nusu saa. Nimeziweka kwenye folda moja, na sitazitenganisha.

Vuta pia nyimbo za kucheza. Mwambie mama aoneshe mguu ulikwenda wapi, kama goti linaruhusu, na mpige video ya miguu tu kama hataki uso. Kila mtaa ulikuwa na namna yake ya kuvuta cha-cha, na mama zetu wanaikumbuka mwilini hata pale jina la bendi limepotea.

Kuna wakati mtu atalia. Zima mashine ya kupigia, acha mazungumzo yasimame, toa maji. Usimuulize swali lingine siku hiyo labda aanze mwenyewe.

Kugawa na kutunza

Faili za WAV ziwe mahali patatu: kwenye diski ya nje nyumbani, kwenye nyingine kwa ndugu aliye mji mwingine, Likasi au Kolwezi au ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, na kwenye hifadhi ya mtandaoni kama familia inaweza kulipia. Flash peke yake si mahali pa kutunzia. Kila mwaka fungua faili kadhaa usikilize kama bado ziko nzima.

Kwa WhatsApp tengeneza MP3 ya kilobiti 320, kama megabaiti 7 kwa wimbo, na uitume kama dokumenti ili isibanwe tena njiani. Ndani ya familia gawa utakavyo. Lakini usipandishe disiki ya mtu mtandaoni ukakusanya pesa za matangazo: wanamuziki wale wengi walirekodi kwa malipo kidogo sana, na watoto wao wapo, wengine tunaishi nao mtaa mmoja. Mwenye nia ya kutoa upya muziki wa zamani aende kwa warithi na apitie SOCODA, shirika la haki za watunzi.

Disiki zenyewe zisimame wima, zikibanana kiasi tu, kamwe zisilale moja juu ya nyingine. Zisikae karibu na bati la paa, ambako mwezi wa Oktoba joto linazipinda. Na zisiguse ukuta wala sakafu. Mchwa wa Katanga anapanda usiku mmoja, na mifuko ya karatasi ndiyo anayoianza. Weka sanduku la chuma juu ya matofali manne, acha nafasi ya kiganja hadi ukutani, na kila wiki pitisha mkono nyuma yake kutafuta udongo mbichi. Kasete ziwe kwenye sanduku jingine, mbali na spika, kwa sababu sumaku ya spika inafuta utepe. Ukimaliza kupiga kasete ipeleke mpaka mwisho wa upande kabla ya kuiweka, na uandike kwenye karatasi yake tarehe uliyoirekodi, ili atakayefungua sanduku baada yako ajue ipi imeshaokolewa na ipi inangoja.